Ndugu yako amekamatwa Tana River: jinsi ya kumfuata kitabu kwa kitabu, kutoka kituoni hadi gerezani

Mtu akikamatwa Garsen, Bura, Hola au kijiji chochote kando ya Mto Tana nchini Kenya, usitarajie kulikuta jina lake mtandaoni kesho yake. Jina lake huandikwa kwanza kitabuni, na afisa aliye zamu kaunta. Baadaye linaandikwa kwenye karatasi ya mashtaka, kisha kwenye rejista ya mahakama, na asipopata dhamana linaandikwa tena langoni mwa gereza. Kila mahali hupewa namba mpya. Mwenye namba mkononi hujibiwa kwa dakika tano. Asiye nayo anaweza kuzungushwa wiki nzima.

Nimekuwa nikizisaidia familia za huku kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na kinachoniuma zaidi si ukali wa mtu yeyote. Ni kumwona mama mtu mzima amelala nje ya kituo ambacho mwanawe hayumo, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize nini. Yafuatayo ndiyo ninayowaambia watu wanaponijia.

Natumia Tana River kwa mfano kwa sababu ndiko ninakokujua. Kaunti hii ina takriban kilomita za mraba 38,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Ukiwa Kipini pwani na ndugu yako ameshikwa Madogo, huendi kwa miguu. Lakini sheria ni moja nchi nzima, kwa hiyo aliye Kwale, Kitui, Samburu au Turkana atafuata njia hii hii akibadilisha majina ya miji. Na wewe uliye Marekani, uliyezoea kaunti ambazo ofisi ya sherifu huweka orodha ya waliomo jela kwenye tovuti, elewa mapema kwamba huku hakuna orodha ya namna hiyo. Utahitaji mtu wa kwenda kwa miguu yake. Kazi yako ni kumpa nauli na maswali sahihi.

Kabla hujatoka nyumbani: jina

Chukua karatasi. Andika majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho ukiwa nayo, umri, nguo alizovaa, saa aliyochukuliwa na mahali. Andika pia waliomchukua walikuwa akina nani: wenye sare au wasio na sare, gari la rangi gani, na namba ya gari kama kuna aliyeiona.

Sasa andika jina lake tena, kwa kila namna ambayo mtu asiyemjua angeliandika. Hili watu hulipuuza, nalo ndilo linalopoteza watu kuliko kitu kingine chochote. Afisa aliyetoka bara anasikia jina la Kipokomo au la Kiorma kwa mara ya kwanza na analiandika anavyolisikia. Dhadho anakuwa Dado. Jillo anakuwa Jilo. Mohamed anaandikwa Muhamad, Mahamud au Mahamed. Wengine kijiji kizima kinawajua kwa jina la utani, na wakiulizwa usiku wametishika hutaja hilo hilo. Wengine hutaja jina la babu kabla ya la baba. Hapo karani anapitisha kidole kwenye rejista, halioni jina ulilotaja, anakwambia hayupo. Anasema kweli kwa jinsi anavyoona, na ndugu yako yuko seli hatua ishirini kutoka hapo.

Kwa hiyo tarehe na mahali pa kukamatwa vitangulie. Usiseme tu "Namtafuta Jillo." Sema "Namtafuta kijana aliyekamatwa jana saa kumi na moja jioni soko la Garsen." Wanaokamatwa Garsen kwa siku moja si wengi. Ukipewa orodha ya siku hiyo utamtambua hata kama jina limepindwa.

Hatua ya kwanza: kituo, na namba ya OB

Anza na chifu au naibu wa chifu wa eneo alikokamatiwa, kwa simu kama una namba yake. Mara nyingi anajua gari lilielekea wapi. Kisha nenda kwenye kituo kikubwa kilicho karibu, usiishie kwenye kambi ndogo ya polisi kijijini. Kambi nyingi hazina seli, na washukiwa hupelekwa kituo kikuu usiku huo huo au asubuhi. Kama waliomkamata ni askari wa wanyamapori, wa misitu au maafisa wa uhamiaji, bado kwa kawaida humpeleka kituo cha polisi kuhifadhiwa, kwa hiyo ulizia hapo pia. Kwa aliyekamatwa Madogo, kumbuka kuwa Garissa mjini ni ng'ambo tu ya daraja. Ulizia pande zote mbili.

Kaunta ina kitabu kinachoitwa kitabu cha matukio. Watu wote, polisi na raia, wanakiita OB. Kila jambo linalotokea kituoni huandikwa humo kwa mfululizo: mtu ameletwa, mtu ametolewa, mtu amekuja kuripoti wizi wa mbuzi. Namba yake husomeka hivi: OB 17/08/05/2025. Maana yake ni tukio la 17 la tarehe 8 Mei 2025. Hiyo ndiyo namba ya kwanza unayoitafuta.

Unapofika, salimia, subiri zamu yako, kisha useme kwa ufupi: "Habari ya kazi, afande. Namtafuta ndugu yangu aliyekamatwa jana jioni hapa sokoni. Naomba kujua kama ameletwa hapa, anashukiwa kosa gani, na namba ya OB." Akikutajia, iandike palepale mbele yake. Usiitie kichwani. Uliza mambo mengine matatu: jina la afisa anayechunguza kesi, mahakama atakayopelekwa, na siku. Ukiweza, pata namba ya simu ya huyo mchunguzi, kwa sababu ndiye atakayejua kila badiliko.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Ukiomba kumwona au kuzungumza naye huombi hisani. Hata hivyo omba kwa adabu. Nimeona watu wenye haki kamili wakifungiwa mlango kwa sababu walianza na makelele.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukiambiwa hayupo na huridhiki, usiondoke mikono mitupu. Omba maulizo yako yenyewe yaandikwe kwenye OB, kwamba wewe fulani umefika saa fulani kumtafuta fulani aliyeonekana akichukuliwa mahali fulani, na umeambiwa hayumo. Kwako hiyo ni ripoti ya mtu asiyejulikana alipo, na ni lazima upewe namba yake. Jambo likifika mbele baadaye, namba hiyo itaonyesha ulitafuta wapi na saa ngapi. Afisa akisitasita, omba kumwona mkuu wa kituo, yule anayeitwa OCS. Juu yake kuna kamanda wa polisi wa kaunti ndogo.

Kuhusu pesa hapa kituoni: bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kurudi, hailipiwi. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, upewe risiti rasmi ya serikali yenye jina la aliyekamatwa na kiasi kamili. Pasipo risiti hakuna dhamana, kuna pesa iliyopotea. Kuliko kutoa pesa isiyo na risiti, ni afadhali usubiri mahakama.

Hatua ya pili: hesabu saa

Kifungu hicho hicho cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi mwisho ni kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa mfano, aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi anapaswa kuwa kizimbani Jumatano asubuhi. Aliyekamatwa Ijumaa jioni, polisi wana mpaka Jumatatu. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, ni Jumanne. Andika saa ya kukamatwa na saa ya mwisho kwenye karatasi yako.

Siku hiyo uwe mahakamani mapema, kabla ya saa tatu. Usiende kituoni kwanza. Washukiwa hupakiwa garini alfajiri, na ndugu wengi hufika kituoni gari limeshaondoka, kisha wakifika mahakamani wanakuta hakimu ameshamaliza kuwasomea watu mashtaka.

Hatua ya tatu: mahakama na namba ya kesi

Tana River ina mahakama za mahakimu Hola na Garsen, na Mahakama Kuu iko Garsen. Kesi nyingi za jinai huanzia kwa hakimu. Mauaji huenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Kadhi haihusiki na jinai, kwa hiyo usipoteze muda huko. Katika kaunti zetu za mbali mahakimu pia husafiri kufanya mahakama tembezi mahali pasipo na jengo. Ukisikia kesi ilisomwa chini ya mwembe au katika ofisi ya chifu, faili lake litarudi masjala ya mahakama alikotoka hakimu, na huko ndiko utakakoliulizia.

Masjala ndicho chumba unachokitafuta. Ni kaunta ya makarani, kwa kawaida karibu na mlango wa mbele, yenye foleni. Mpe karani jina kwa maandishi yake yote, namba ya OB, jina la kituo na tarehe ya kufikishwa. Karatasi ya mashtaka hubeba kumbukumbu za polisi, kwa hiyo namba ya OB humsaidia hata kama jina limebadilika njiani. Atakupa namba ya kesi, mfano Kesi ya Jinai E045 ya 2025. Herufi E mbele ya namba ilikuja na mfumo wa kufungua kesi kielektroniki, ulioanza Nairobi mwaka 2020 na kufikishwa mahakama zote mwaka 2024. Kesi za zamani kwa kawaida hazina herufi hiyo. Ukiiongeza au ukiiacha pasipostahili, unaweza kuletewa faili la mtu mwingine kabisa.

Karani akikwambia hamna kesi ya jinai yenye jina hilo na una hakika ndugu yako alipandishwa kizimbani, mwombe atazame rejista nyingine. Makosa ya kingono huwa na rejista yake, ya trafiki huwa na yake. Kuna tena ile inayoandikwa Misc., na hii ndiyo inayozichanganya familia nyingi zaidi. Polisi wakiwa hawajamaliza uchunguzi, humleta mshukiwa mbele ya hakimu bila mashtaka na kuomba siku zaidi za kumshikilia. Ombi hilo hufunguliwa faili la Misc. Mtu hana kesi ya jinai bado, lakini ana amri ya mahakama inayosema atakaa kituo gani na mpaka lini. Amri hiyo ndiyo unayoitaka. Baadaye akishtakiwa atapata namba mpya, na ukibaki na ile ya Misc. utaambiwa faili limefungwa, udhani ameachiliwa.

Ukishapata faili au ukisikiliza mwenyewe mahakamani, andika haya: namba ya kesi, jina la hakimu na namba ya chumba cha mahakama, kosa na kifungu cha sheria, alikubali au alikana, masharti ya dhamana, na tarehe ijayo. Kuhusu hiyo tarehe, uliza ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Siku ya kutajwa hakuna mashahidi. Ni ya kupanga mambo, na mara nyingi humalizika kwa dakika chache. Siku ya kusikilizwa ndiyo ya kuuza kuku upate nauli, na kwenda na mashahidi wako.

Tarehe zinazofuata unaweza kuziangalia ukiwa mbali. Idara ya Mahakama hutoa orodha za kesi za kila siku kwenye tovuti yake, judiciary.go.ke, na orodha hiyo hubandikwa pia kwenye ubao wa mahakama. Tafuta kwa namba, usitegemee jina. Mto ukifurika kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika, na kesi zinaweza kuahirishwa au kusikilizwa kwa video. Piga simu masjala kabla ya kupanda basi.

Mashauri ya jinai husikilizwa hadharani, mtu yeyote anaweza kuingia na kuketi. Kupekua faili lenyewe ni jambo jingine. Mshtakiwa na wakili wake hawana shida. Wewe jamaa yake utaandika ombi fupi, utaeleza uhusiano wenu, na kuna ada ndogo ya kulipa. Kesi za watoto na nyingi za makosa ya kingono hufungwa kwa watu wa nje, na inafaa iwe hivyo.

Dhamana, na wanaopiga simu

Katiba inataka mtu aachiliwe kwa dhamana yenye masharti yanayofaa isipokuwa kuna sababu nzito. Inasema pia kwamba kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu asiwekwe rumande. Sentensi hiyo ya pili iandike ubavuni. Kesi nyingi ndogo za huku, za kulewa na fujo, za mifugo kuingia shambani, zinaweza kuangukia hapo, na mshtakiwa asiye na wakili hajui kuisema.

Pesa za dhamana na za faini hulipwa kwa ankara ya mahakama, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, au benki, na risiti hutoka kwa jina la kesi. Hazilipwi kwa namba ya simu ya mtu, hata ajitambulishe kuwa nani. Matapeli hupiga simu kwa watu walio Nairobi, Doha au Minneapolis, wanataja jina la ndugu, wanasema ameshikwa, tuma elfu thelathini sasa hivi kabla hajahamishwa. Mwulize aliyepiga: namba ya OB ni ipi, kituo gani, mchunguzi nani? Kisha kata simu, umtume mtu kituoni.

Risiti ya dhamana itunze kama hati ya shamba. Kesi ikimalizika, hata kama amepatikana na hatia, pesa ile hurudishwa kwa aliyeilipa mradi mshtakiwa alihudhuria. Bila risiti ya asili utasumbuka.

Hatua ya nne: gereza

Asiyepata dhamana hutoka mahakamani na hati ya kumweka rumande, na aliyehukumiwa hutoka na hati ya kifungo. Hati zote mbili hutaja gereza. Kwa hiyo kabla hujaondoka mahakamani, uliza: "Hati imeandikwa gereza gani?" Kwa mahakama zetu mara nyingi ni Hola, lakini si lazima. Wenye vifungo virefu huhamishwa hadi magereza makubwa kama Shimo la Tewa au Manyani, na wanawake wanaweza kupelekwa gereza la wanawake la Shimo la Tewa, mbali kabisa na watoto wao. Hakuna anayepiga simu nyumbani kukuarifu.

Langoni nenda na kitambulisho chako, namba ya kesi na jina la mahakama iliyompeleka. Askari wa lango atauliza ndani na kukwambia kama yumo. Pata namba yake ya gerezani, iwe ya mahabusu au ya mfungwa, kwa sababu mle ndani namba ndiyo jina. Akiwa amehamishwa, ofisi ya nyaraka ya gereza ina kumbukumbu ya tarehe na gereza alikopelekwa. Uliza siku za kuona mahabusu na siku za kuona wafungwa, maana hutofautiana.

Kama ni mtoto, njia ni tofauti tangu mwanzo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba lawama ya jinai, na mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima seli. Nenda moja kwa moja kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Umri wa mtoto asiye na karatasi hukadiriwa kwa macho, na kijana mrefu wa miaka 15 huandikwa 18 bila mtu kufikiri mara mbili.

Anapokuwa hapatikani popote

Saa 24 zimepita, kituo kinasema hayupo, mahakama haina jina, gereza halimjui. Fanya mambo matatu siku hiyo hiyo, usisubiri moja lishindwe ndipo uanze jingine.

Piga IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, kwa 1559. Simu ni ya bure. Wape namba ya OB ya maulizo yako. Wana ofisi Mombasa na Garissa.

Andika barua kwa kituo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Maombi ya kawaida hujibiwa ndani ya siku 21, lakini yakihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Sheria inaruhusu uandike kwa Kiswahili. Haihitaji kurasa nyingi: "Mimi fulani, namba ya kitambulisho kadha, naomba kujulishwa kama fulani, aliyekamatwa tarehe fulani mahali fulani, yuko chini ya ulinzi wenu, na kama alihamishwa, alihamishiwa wapi. Habari hii inahusu uhuru wa mtu, kwa hiyo naomba jibu ndani ya saa 48." Peleka nakala mbili. Moja wagongee mhuri, urudi nayo.

Tafuta wakili apeleke Mahakama Kuu ombi la hebiasi kopasi. Hapo jaji huwaamuru wanaodaiwa kumshikilia mtu wamlete mbele yake au waeleze alipo. Ni haki ambayo Katiba hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au mashirika ya haki yaliyo Mombasa kama MUHURI na Haki Africa. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na serikali.

Baada ya kesi: soma kifungu, chukua nakala

Watu wakisikia "ameachiliwa" hukumbatiana na kupanda basi. Naelewa, lakini rudi masjala kwanza, uulize ameachiliwa kwa kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kifungu cha 87(a) ni upande wa mashtaka kuiondoa kesi kabla mshtakiwa hajajitetea. Huyo hajafutiwa lawama, anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Cha 202 ni mlalamishi kutofika. Cha 210 ni hakimu kuona mshtakiwa hana kesi ya kujibu, na cha 215 ni hukumu ya kutokuwa na hatia. Hizo tatu za mwisho ni kuachiliwa huru kwelikweli. Aliyetiwa hatiani naye ana siku 14 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, na siku hizo hukimbia.

Omba nakala ya hukumu au amri iliyopigwa mhuri wa mahakama. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada inayofaa. Karatasi hiyo inahitajika hasa kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Alama za vidole zilizochukuliwa wakati wa mashtaka hubaki DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na mtu aliyeshinda kesi huenda akaomba kazi ya ulinzi au safari ya Ghuba miaka miwili baadaye, akakuta bado anaonekana ana kesi. Anayekwenda na nakala yenye mhuri hueleweka. Cheti chenyewe huombwa na mwenyewe kupitia eCitizen, kwa alama zake za vidole. Wewe huwezi kumwombea jirani ili umchunguze.

Hukumu za Mahakama Kuu na za rufaa husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org. Za mahakimu ni chache humo, kwa hiyo kwa kesi nyingi za Hola na Garsen faili la masjala ndilo tegemeo. Na unapokuta jina la mtu humo, angalia alikuwa nani katika kesi: mshukiwa, mshtakiwa, shahidi au mfungwa. Kumtangaza mshukiwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji kama mwizi ni kumwonea, na unaweza kushtakiwa wewe.

Mafaili ya zamani

Baadhi ya watu hunijia wakitafuta jina la babu. Hola ilikuwa kambi ya kizuizi wakati wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa hapo, na serikali ya kikoloni ilisema kwanza kwamba vifo vilihusiana na maji waliyokunywa. Uongo huo ulivunjwa na uchunguzi wa miili na maandishi ya uchunguzi wa vifo.

Kumbukumbu za wilaya za enzi hizo ziko Nairobi, katika Nyaraka za Taifa kwenye Moi Avenue, ambako msomaji hujiandikisha na kuomba faili kwa namba. Sehemu nyingine ilisafirishwa Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa kwa miongo mingi. Ilianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, na sasa iko Kew, London, katika mfululizo wa FCO 141. Ukienda Nairobi au ukimwomba mtu aliye London, mpe jina la babu kwa maandishi yote unayoweza kuyafikiria, kijiji alikotoka, mwaka aliochukuliwa, na majina ya kambi alizopitia kwa mpangilio. Namba yake ya kizuizini, kama kuna mzee anayeikumbuka, itangulie kila kitu.